Kabla Hamjachangisha kwa Ajili ya Wodi ya Njiti

Mzazi aliyekaa wodini na mtoto njiti hatoki pale kama alivyoingia. Mtoto akishafika nyumbani, akanyonya vizuri na uzito ukaanza kupanda, shukrani hutafuta pa kwenda. Mara nyingi huishia kwenye wazo moja: tuchangishane, tuwanunulie inkubeta, lile sanduku la kumtunzia mtoto joto. Nia ni njema kabisa. Ila katika orodha ya vitu ambavyo tungeishauri familia ianze navyo, inkubeta ipo karibu na mwisho.

Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za ujauzito. Mwaka 2020 walizaliwa takriban milioni 13.4 duniani, yaani karibu mmoja katika kila watoto kumi. Aliyezaliwa wiki ya 35 na aliyezaliwa wiki ya 27 wote huitwa njiti, lakini mahitaji yao hayafanani. Wa kwanza huenda akahitaji joto na msaada wa kunyonya tu. Wa pili mapafu yake bado hayana utelezi wa kutosha wa kuzuia vifuko vya hewa visigandamane kila anapotoa pumzi, hajui kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio mmoja (uwezo huo huja kati ya wiki ya 32 na ya 34), na ngozi yake inapoteza joto na maji kwa kasi. Wodi inayopokea zaidi wa aina ya kwanza inahitaji vitu tofauti na inayopokea wa aina ya pili, hata kama mlangoni zimeandikwa jina lilelile.

Kwa hiyo kazi inaanza kwa kuuliza, na swali lenyewe lina namna yake. Mkimwuliza muuguzi msimamizi "Mnahitaji nini?", atawatajia mashine kubwa, maana ndiyo watu huja kutoa. Muulizeni hivi: "Wiki iliyopita ni kitu gani kiliisha, mkalazimika kuazima wodi nyingine?" Halafu: "Ni mashine ipi iko stoo haifanyi kazi, na imekosa nini?" Maswali hayohayo muulizeni muuguzi wa zamu ya usiku, kwa sababu usiku ndipo upungufu huonekana, na fundi wa vifaa tiba, ambaye mara nyingi hakuna anayemuuliza chochote. Fundi ndiye atakayewaambia kwamba kuna mashine tatu nzima zilizosimama kwa kukosa waya mmoja.

Chukueni mashine ya kuzalisha oksijeni kama mfano, maana hupendwa sana na wachangiaji. Inavuta hewa ya chumbani, inaondoa naitrojeni kwa chembechembe za madini yaitwayo zeolaiti, na kutoa hewa yenye oksijeni nyingi. Ile ya lita 5 kwa dakika hula umeme wa takriban wati 350. Njiti anayepewa oksijeni kwa vijirija vya puani huhitaji nusu lita hadi lita moja kwa dakika, kwa hiyo mashine moja inaweza kuhudumia watoto kadhaa, mradi kuna kigawanyio chenye vipimo vya kila mtoto. Kigawanyio hicho huuzwa peke yake. Wachangiaji wakinunua mashine bila hicho, wamenunua huduma ya mtoto mmoja.

Hayo bado madogo. Kichujio cha hewa kilicho nyuma kisipooshwa kila wiki, vumbi hukiziba, kompresa inachemka, na asilimia ya oksijeni inashuka huku mashine ikiendelea kunguruma kama kawaida. Hakuna atakayejua kwa kusikiliza. Kiwango cha chini kinachokubalika ni asilimia 82, na kukipima kunahitaji kifaa kidogo cha kupimia oksijeni inayotoka, ambacho nacho si sehemu ya mashine. Umeme ukicheza, ubao wa ndani unaungua, ndiyo maana stebilaiza si ya hiari. Na mashine ikikaa stoo miezi mingi kwenye unyevu ikisubiri siku ya makabidhiano, ile zeolaiti hunyonya unyevu na kuharibika kabla haijamhudumia hata mtoto mmoja.

Lililo zito kuliko yote ni oksimita, kifaa kinachopima oksijeni iliyomo kwenye damu ya mtoto. Oksijeni ni dawa, na kwa njiti ikizidi ni sumu ya macho. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 maelfu ya njiti walipofuka katika nchi zilizokuwa na hospitali bora kabisa, mpaka utafiti mkubwa uliofanyika Marekani ulipothibitisha mwaka 1954 kwamba oksijeni nyingi mno ndiyo iliyokuwa ikiharibu mishipa ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Siku hizi njiti anayepewa oksijeni hulengwa abaki kati ya asilimia 90 na 95 kwenye oksimita. Kumpa wodi chanzo cha oksijeni bila oksimita ni hatari, tunalisema bila kupunguza ukali. Na oksimita yenyewe huishi kwa kihisio chake, kile kitambaa chenye taa nyekundu kinachofungwa mguuni. Kihisio cha mtu mzima cha kubana kidole hakimfai njiti: kinabana mno, na hata usomaji wake si wa kuaminika kwenye kiungo kidogo kiasi hicho. Vya watoto wachanga hukatika waya pale penye shingo ya plagi, kwa sababu huvutwa kila mtoto anapogeuzwa. Tena kila chapa ina plagi yake. Kabla ya kununua hata kimoja, pigeni picha ya tundu la mashine na namba ya modeli iliyo nyuma, mpelekeeni muuzaji.

Mashine ya sipapu ya mapovu, inayosukuma hewa puani ili mapafu yasifunge, ni nzuri ajabu kwa jinsi ilivyo rahisi. Mrija wa kutolea hewa huzamishwa kwenye chupa ya maji: ukizama sentimita 5, shinikizo linalobaki mapafuni ni sentimita 5 za maji. Maji yakiacha kububujika, muuguzi anajua hewa inavuja, pengine puani, pengine mdomo uko wazi. Kinachokwamisha ni vijirija vya puani. Vina saizi nyingi, na saizi isiyo sahihi inaleta madhara: vikiwa vidogo hewa huvuja, vikiwa vikubwa au vikikandamiza ukuta wa katikati ya pua, ngozi hupauka, kisha huwa kidonda, na pua inaweza kuharibika kabisa. Wodi yenye sipapu nne na saizi moja tu ya vijirija ni kama haina sipapu kwa nusu ya watoto wake. Boksi la saizi mchanganyiko, pamoja na kofia za kushikilia mirija, ni mchango usiopendeza kwenye picha, na ni miongoni mwa michango bora mnayoweza kutoa.

Turudi kwenye inkubeta. Inafaa pale palipo na wauguzi wa kutosha wa kuitazama. Kihisio cha joto kikibanduka kwenye ngozi ya mtoto, mashine inasoma baridi na kuongeza moto, na mtoto anachemka ndani. Tangi la maji lisipobadilishwa na kusafishwa hufuga vimelea. Mipira ya milango ya mikono hupasuka, godoro hupata nyufa zinazoficha uchafu, na kichujio cha hewa hudai kubadilishwa kila baada ya miezi michache. Wodi ikielemewa, watoto wawili au watatu hulazwa ndani ya inkubeta moja, na maambukizi ya mmoja yanakuwa ya wote. Iliyotumika, ikitoka ng'ambo kama msaada, huenda ni ya volti 110 na ukuta wa wodi una 230.

Njia nyingine ya kumpa mtoto joto iko kifuani kwa mama. Mwaka 1978 mjini Bogotá, Colombia, madaktari Edgar Rey Sanabria na Héctor Martínez walikabiliwa na uhaba wa inkubeta na maambukizi mengi, wakaanza kuwafunga njiti vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, njia inayoitwa kangaroo. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 kutoka hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulionyesha kwamba watoto wa chini ya kilo 1.8 walioanza kangaroo mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri watulie kwanza, walikuwa na vifo pungufu kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza njiti wote waanze mara moja, saa 8 hadi 24 kwa siku.

Saa 8 hadi 24. Fikirieni maana yake kwa mwili wa mama aliyejifungua, pengine kwa upasuaji. Stuli ya plastiki haitampa saa hizo. Anahitaji kiti cha kuegemea chenye mikono, kinacholala nyuma kiasi mtoto abaki wima wima kifuani, kilichofunikwa ngozi bandia inayofutika kwa dawa. Anahitaji kitanda ndani au karibu ya wodi, pazia la stara, bafu, maji ya kunywa na chakula. Anahitaji vitambaa vya kufungia, laini na vyenye kuvutika, visivyopungua viwili kwa kila mama, kwani kimoja kitakuwa kimefuliwa. Mtoto hukaa katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande na kuinuliwa kidogo, ukingo wa kitambaa ukiishia chini ya sikio ili kichwa kisianguke mbele na kuziba njia ya hewa. Anachovaa ni nepi, soksi na kofia tu. Baba na bibi nao wana vifua, na viti viwili vya ziada vinamaanisha mama anaweza kulala. Kwa maoni yetu, familia yenye fedha za kununua kitu kimoja tu inunue viti.

Kwenye chakula, hesabu ndogo inasaidia kuliko maneno. Mtoto wa kilo 1 akifikia kipimo kamili, hupata takriban mililita 160 za maziwa kwa siku. Akilishwa kila baada ya saa 2 kwa mrija wa puani au mdomoni, ni milo 12 ya mililita 13 hivi. Kila mlo ukiwa na bomba lake la sindano, watoto 10 hutumia mabomba 120 kwa siku, 3,600 kwa mwezi. Ongezeni mirija ya kulishia, saizi ya 5 na ya 6, inayobadilishwa kila baada ya siku kadhaa. Hapo mtaona kwa nini vitu vinavyogharimu kidogo kimoja kimoja ndivyo vinavyoisha kwanza.

Maziwa yenyewe hutoka kwa mama, ambaye inabidi akamue mara 8 hivi kwa siku, usiku ukiwemo, la sivyo maziwa yanakauka kabla mtoto hajajua kunyonya. Vinavyomsaidia ni chumba chenye mlango, sinki na sabuni, vikombe vigumu vyenye vifuniko, kalamu isiyofutika na vibandiko vya kuandika jina, tarehe na saa, na jokofu la maziwa peke yake lenye kipimajoto, lisilozidi nyuzi 4. Jokofu linalochanganya maziwa na chakula cha wahudumu hufunguliwa kila dakika na halishiki baridi.

Maziwa ya kopo na chupa msinunue kwa hiari yenu, hata mkiona uchungu. Njiti anayelishwa maziwa ya kopo yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa utumbo unaooza, unaoua haraka. Yakihitajika, daktari ndiye anayeamua kwa mtoto mmoja mmoja. Na kampuni ya maziwa ya kopo ikijitolea kudhamini matembezi yenu ya kuchangisha, ikataeni: kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa vyakula mbadala wa maziwa ya mama iliwekwa ili kuzuia kampuni hizo kuingia wodini kwa mlango wa zawadi.

Kofia na soksi za kufuma hupokelewa kwa furaha, zikiwa za vipimo sahihi. Kichwa cha mtoto wa wiki 28 kina mzunguko wa takriban sentimita 26, cha wiki 34 takriban 31. Kofia ya mtoto aliyetimiza miezi humtelezea njiti usoni. Tumieni pamba inayovumilia kufuliwa kwa nyuzi 60, bila vifungo, riboni wala shanga. Geuzeni kila soksi ndani nje na kukata nyuzi zilizolegea: uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole cha mguu unakata damu, na mtoto ndani ya kitambaa haonekani hadi kidole kimevimba. Wekeni pia seti chache za saizi ndogo kabisa, nguo na kishuka, kwa ajili ya watoto wanaofariki. Wauguzi huzihitaji na huona vigumu kuziomba.

Sasa fedha. Fungueni akaunti ya peke yake, yenye watia saini wawili wasiotoka nyumba moja, kabla ya kumwomba mtu wa kwanza. Pateni barua ya hospitali inayotaja mnachochangia na nani atakipokea. Bila hiyo hata ndugu watauliza, na wana haki. Malengo yaandikeni kwa vitu, si kwa jumla tupu: viti 6, vihisio 20, mabomba ya miezi 6. Mtu huchangia kihisio kimoja kwa moyo mweupe, ilhali asilimia moja ya jumla kubwa haimsemeshi. Anzeni na watu wa karibu kimya kimya mpaka theluthi hivi ipatikane, ndipo mtangaze, kwa sababu orodha yenye sifuri mbele yake inatisha wachangiaji. Kila kitu kikinunuliwa, onyesheni risiti.

Kama ni mashine, tengeni angalau robo ya fedha zote kwa vifaa vidogo vyake, usafirishaji, kufungwa na mafunzo. Mkataba wa muuzaji useme atawafundisha wauguzi wa zamu zote, ya usiku ikiwemo, atarudi kuikagua, na vipuri vitapatikana kwa miaka isiyopungua miwili. Kikiagizwa nje, msamaha wa kodi uombwe kabla mzigo haujapakiwa. Mzigo unaosubiri karatasi bandarini hutozwa tozo za hifadhi kila siku, na michango ya watu huishia hapo.

Matembezi ya hisani huvuta watu, hasa tarehe 17 Novemba, siku ya njiti duniani iliyoanzishwa mwaka 2008 na vyama vya wazazi vya Ulaya, yenye rangi yake ya zambarau. Angalieni tu fulana. Zikichapishwa kabla watu hawajalipa, zinakula mapato na nyingine hubaki kwenye maboksi. Chukueni oda kwanza. Ila wodi haiishi kwa tukio moja la mwaka: familia 20 zinazotoa kidogo kila mwezi kwa ajili ya mabomba na mirija huisaidia kuliko siku moja kubwa, hata kama hakuna mwandishi wa habari atakayefika.

Picha zinahitaji uangalifu wa aina yake. Kati ya mwaka 1903 na 1943, katika eneo la burudani la Coney Island huko New York, Martin Couney aliwaweka njiti ndani ya inkubeta, na watu walilipa senti 25 kuingia kuwatazama. Fedha hizo ziligharimia wauguzi na matunzo, wazazi hawakudaiwa kitu, na watoto wengi waliokataliwa na hospitali waliishi. Huenda hapakuwa na njia nyingine wakati ule. Leo ipo, na uso wa mtoto mgonjwa usiwe tiketi. Tumieni picha ya mtoto wenu tu, mkiwa mmekubaliana wazazi wote wawili, na mkuze picha kabla ya kuituma: utepe wa mkononi una jina, faili kitandani lina namba, na nyuma yake kuna kitanda cha mtoto wa mwingine. Maneno nayo mpime. Mkiandika kwamba mtoto wenu aliishi kwa sababu alipigana, mama aliyemzika wake wiki hiyohiyo anasoma kwamba wa kwake hakupigana. Mwalikeni na yeye, bila kumlazimisha kuzungumza.

Kuna uhitaji mmoja ambao hauna mashine: nauli za kurudi kliniki. Njiti waliozaliwa kabla ya wiki 32 au chini ya gramu 1,500 hupaswa kuangaliwa retina takriban wiki 4 baada ya kuzaliwa, na vipimo hurudiwa mara kadhaa. Vikichelewa, retina inaweza kubanduka na hakuna wa kuirudisha. Familia nyingi huwa zimesharuhusiwa kwenda nyumbani na fedha zimeisha. Mfuko mdogo unaosimamiwa na muuguzi wa kliniki, wenye daftari la sahihi, unaokoa macho.

Siku ya makabidhiano andikeni namba ya kila kifaa, tarehe, na jina la cheo kinachowajibika nacho, nakala moja ibaki kwa fundi. Baada ya miezi 6 rudini. Msiende na kamera. Mwombeni muuguzi wa zamu awaonyeshe kichujio cha mashine ya oksijeni, someni saa zilizoandikwa kwenye kaunta yake, hesabuni vihisio vinavyowaka taa na vilivyofungwa plasta kwenye waya, tazameni kama viti vina mama au vina maboksi. Palipo na plasta, pameshatajwa cha kununua safari ijayo.